"Sikuona" na "Hakuna"

Katika maabara yapo maneno mawili yatumiwayo kana kwamba ni pacha, nayo si ndugu hata kidogo. La kwanza ni "sikuona". La pili ni "hakuna". La kwanza ni ushahidi wa mtu juu ya macho yake mwenyewe. La pili ni hukumu juu ya ulimwengu. Nataka kuuliza kama mtu aliyeinamia hadubini ana haki ya kuvuka kutoka neno lile hadi hili. Na akivuka bila haki, je, amekosea tu, au ametenda jambo la kulaumiwa?

Yafaa kwanza tukijue chombo chenyewe. Hadubini ya lenzi mbili haimwonyeshi mtu kitu. Humwonyesha taswira ya taswira. Lenzi iliyo karibu na kitu huumba sura ndani ya bomba, na lenzi iliyo karibu na jicho huikuza sura hiyo tena. Ya chini ikikuza mara 100 na ya juu mara 10, jicho hupata ukubwa wa mara 1,000, lakini ukubwa huo una bei yake. Duara lionekanalo huwa na upana wa takribani sehemu moja ya tano ya milimita, na unene uonekanao wazi ni mdogo hata skrubu ikizungushwa kidogo huleta tabaka moja na kulifukuza jingine. Tena nuru yenyewe ina mpaka. Mwaka 1873 Ernst Abbe alieleza kwamba vitu viwili vilivyokaribiana kuliko nusu hivi ya urefu wa wimbi la nuru, yaani kama sehemu mbili katika elfu kumi za milimita, huonekana kitu kimoja, hata lenzi ziwe njema namna gani.

Lakini mpaka ulio mzito zaidi haumo katika kioo. Mwaka 1902 Royal Society ya London ilipeleka tume Uganda kuchunguza malale, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza watu wa Busoga na Buganda kandokando ya Ziwa Nyanza. Yakadiriwa kwamba waliokufa walizidi laki mbili kabla haujatulia. Katika tume hiyo alikuwamo Aldo Castellani, kijana wa Kiitaliano aliyeijua vema elimu ya bakteria. Huko Entebbe alikuta bakteria wa namna ya streptokoki katika miili ya waliokufa, akaamini kuwa ndio chanzo. Novemba mwaka ule, alipokuwa akichungua mashapo ya maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa, alimwona mdudu mwingine akijinyonganyonga: tripanosoma. Alimwona waziwazi, wala mdudu huyo si mdogo kupita uwezo wa lenzi. Lakini hakumpa uzito, maana hakuwa akimtafuta.

Tusiharakishe kumcheka. Tripanosoma alikuwa ameonekana mwaka mmoja tu kabla ya hapo katika damu ya mgonjwa huko Gambia, akadhaniwa kuleta homa isiyohusiana na malale. Na mtu mmoja aweza kuwa na maradhi mawili. Tena wale bakteria walikuwapo kweli. Jicho halikumdanganya Castellani. Alidanganywa na mpangilio aliowapa mashahidi wake. David Bruce alipofika Entebbe Machi 1903, alikuwa amekwisha kumwona tripanosoma katika ng'ombe wagonjwa wa Zululand, na kujua kuwa mbung'o ndio wamwenezao. Castellani alipomweleza jambo lile dogo, likawa kubwa. Wakatafuta upya, wakampata mdudu yule kwa mgonjwa baada ya mgonjwa. (Baadaye ukazuka ugomvi mrefu juu ya nani astahili sifa, mimi sina hamu ya kuuamua.)

Mtu atasema: basi Bruce naye aliona alichotarajia. Naam, ndivyo. Tarajio lililompofusha mmoja lilimfumbua macho mwingine. Wala hatuwezi kutazama pasipo kutarajia. Mwanafunzi asiyetarajia chochote huona ukungu tu. Kwa hiyo sioni lawama katika tarajio. Lawama, au heshima, naiona katika kile mtu akifanyacho kwa jambo lisilolingana na tarajio lake. Castellani hakuligeuza kuwa "hakuna". Alilihifadhi, kisha akalitamka mbele ya mtu aliyeweza kumpindua. Mwingine angalikifuta kioo.

Mimi nilikifuta. Tulipokuwa wanafunzi tuliagizwa kuchora seli za ngozi ya kitunguu, na katika duara langu palikuwa na povu la hewa lenye ukingo mweusi, na seli hafifu zisizo na kiini kilichoonekana. Nilikifuta kioo, nikafungua kitabu, nikachora seli sita nadhifu, kila moja na kiini chake. Nilipewa alama kamili.

Hapana aliyeumia kwa kitunguu. Lakini mkono ule ule huenda ukasoma damu. Shirika la Afya Duniani lamtaka asomaye tone zito la damu atazame maduara yasiyopungua 100 kabla ya kuandika kwamba hakuona vimelea vya malaria. Nje watu wamejaa barazani. Msomaji anaishia duara la ishirini, anaandika "hakuna", na mtoto anarudishwa nyumbani na homa yake. Je, amesema uongo, ikiwa kweli hakuona kitu? Nasema amesema uongo, si juu ya damu ile, bali juu ya macho yake. Maana neno lake lilidai maduara themanini ambayo hakuyatazama. Wala hakusema peke yake. Aliyempa vioo visivyotoshea siku yake ana fungu katika uongo huo, nalo si dogo.

Karatasi ya majibu niliyoizoea ina nafasi ya jina, umri na jibu. Haina nafasi ya idadi ya maduara. Namjua mtaalamu mmoja ambaye huiandika idadi hiyo kwa penseli pembeni, bila kuagizwa na mtu. Karibu siku zote ni 100. Siku moja nilikuta ameandika: "63. Umeme umekatika. Arudi kesho."