Anayesimama Ndiye Anayeonekana

Kiswahili kinasema tunapiga picha, na aliye mbele ya kamera amepigwa. Kwa simu, kitenzi hicho kinakaa mahali pake. Kidole kinagusa kioo, kazi imekwisha, na mara nyingi aliyepigwa hana habari. Kwa kopo la maziwa ya unga mambo ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo imenisumbua zaidi ya nilivyotarajia kwa kitu nilichokianza kama mchezo.

Kamera ya tundu la sindano haina lenzi, haina betri, haina mahali pa kuchungulia. Unatafuta kopo lenye mfuniko unaobana vizuri, unalipaka ndani rangi nyeusi isiyong'aa, unakata dirisha dogo ubavuni, na juu ya dirisha hilo unabandika kipande cha kopo la soda ulichokitoboa kwa ncha ya sindano na kukilainisha kwa msasa. Tepu nyeusi ya mafundi umeme inaziba tundu mpaka utakapokuwa tayari. Ndani, gizani, unaweka karatasi ya picha ya zile zilizotumika studio kabla ya mashine za kidijitali. Karatasi ndiyo gharama yenyewe, mengine yote ni takataka za jikoni.

Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ule wa juu ya jengo hupita tunduni na kutua chini ya karatasi, na wa chini hutua juu. Ibn al-Haytham, mwanazuoni wa Basra aliyefanya kazi Cairo yapata miaka 1,000 iliyopita, aliandika risala nzima kueleza kwa nini jua lililopatwa hutupa umbo la hilali likipita katika tundu dogo, na umbo hilo hupotea tundu likiwa kubwa. Waliokuwa Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipobaki kama pete, hawakuhitaji risala. Chini ya mti wenye majani mengi kila upenyo ni tundu la sindano, na ardhi hujaa pete.

Basi tundu ni dogo, na mwanga unaoingia ni haba. Kopo la upana wa sentimita 10 lenye tundu la milimita 0.4 ni sawa na lenzi iliyobanwa hadi f/250. Karatasi nayo ni nzito kushika mwanga kuliko filamu. Juani unahitaji dakika 1 au 2, kivulini hata 10. Hapo ndipo swali langu linapoanzia, kwa sababu katika dakika 2 mtu anayetembea hupita mbele ya tundu bila kuacha alama.

Jambo hili ni la zamani kama picha zenyewe. Mwaka 1838 Louis Daguerre aliielekeza kamera yake (yenye lenzi, lakini ya polepole vilevile) kwenye barabara ya Boulevard du Temple, Paris, mchana. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini picha inaonyesha njia tupu, isipokuwa mtu mmoja pembeni anayeng'arishiwa viatu. Inatajwa kila mara kuwa miongoni mwa picha za kwanza zenye binadamu ndani yake. Mimi namwangalia yule mwingine, aliyeshika brashi. Naye yumo, ila ni doa tu, kwa kuwa mikono yake ilikuwa kazini. Aliyehudumiwa ametoka vizuri zaidi kuliko aliyehudumia.

Niliweka kopo langu juu ya kreti za soda katika mtaa mmoja wa Kariakoo, saa nne asubuhi, dakika 2. Aliyewahi kupita Kariakoo saa nne anajua hapo hata kusimama ni mradi. Karatasi ilionyesha magari yaliyoegeshwa, mabango, nguzo za umeme, na mlinzi kwenye kiti chake cha plastiki. Wachukuzi, wamachinga, mama aliyekuwa akipita na ndoo ya maandazi, wote hawakuwepo.

Je, picha hiyo ni ya uongo? Kila alama kwenye karatasi iliwekwa na mwanga uliokuwepo kweli, na hakuna nilichofuta. Lakini mkazi wa Dar es Salaam akiiona atakumbuka mwaka 2021, wamachinga walipoondolewa pembezoni mwa barabara nyingi, na ataamini ni picha ya siku kama hizo. Rafiki yangu mmoja, mhandisi, anasema nalaumu fizikia, kwamba kopo halina nia na pasipo nia hapana dhuluma. Nakubali kuhusu kopo. Nia ni yangu mimi niliyechagua mtaa, saa na idadi ya dakika, huku nikijua nani hukaa na nani hukimbia. Kipimo kilekile kwa wote kinampendelea mwenye kiti, na sidhani ni kamera tu zinazopima hivyo. Fikiria foleni ya ofisi yoyote inayomtaka mtu aje mwenyewe, asubuhi, siku ya kazi.

Kuna hoja ya upande wa pili, nami siichukulii kimzaha. Kutoonekana kunaweza kuwa heri. Leo sura zetu zinachukuliwa dukani, benki, kwenye simu ya mtu usiyemjua aliyeketi mkabala nawe ndani ya daladala. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022 kwa sababu za namna hiyo. Kopo langu haliwezi kuiba sura ya mpita njia hata nikitaka. Anayetaka kutokea inabidi akubali na atulie, kama watu walivyofanya studio zamani: kidevu juu, usipepese.

Ukirefusha muda zaidi, hata majengo huanza kuonekana wageni. Mwaka 2012 Regina Valkenborgh, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, alifunga kopo la kinywaji lenye tundu kwenye kituo cha kuangalia nyota cha Bayfordbury. Lilisahaulika hadi 2020. Karatasi ndani yake ilikuwa na njia 2,953 za jua zilizopandana kwa miaka 8, na kuba la darubini. Hakuna mtu hata mmoja. Wengine huona faraja kwamba kwa kipimo hicho sote tu sawa. Mimi sioni inamsaidia nini mchukuzi, ambaye hulipwa kwa safari.

Nilimwomba mmoja wao asimame kwa dakika 2. Alinisikiliza kwa heshima, akafuta jasho.

"Mdogo wangu, mimi nikisimama sili."

Nikasema nitamlipa bei ya safari moja. Yule mhandisi baadaye aliniambia malipo yanageuza picha kuwa maigizo, hoja ambayo sijawahi kumsikia akiitoa kuhusu picha za harusi. Mchukuzi yeye hakuwa na shida na pesa. Alichokataa ni pendekezo langu la pili, kwamba nije wakati amepumzika kivulini.

"Halafu watu waseme silali wala siamki, nakaa tu hapo?"

Tulikubaliana hivi: mkokoteni usimame ukiwa umebeba, yeye afunge kamba za mzigo kama anavyofunga siku zote, nami nifungue tundu muda wote wa kazi hiyo. Ilichukua karibu dakika 3. Kwenye karatasi mkokoteni umetoka hadi kutu ya ringi, magunia sita yanahesabika, na kuyazunguka kuna ukungu unaokolea pale alipoinama kukaza fundo.

Nilimpelekea nakala. Aliigeuza mara mbili, akaonyesha ukungu kwa kidole na kuuliza kama ndiye yeye. Nikamwambia ndiye. Akahesabu magunia, akasema ni kweli yalikuwa sita, kisha akaniomba nimpige nyingine kwa simu, ya kuweka WhatsApp.