Kuhifadhi Kwenye Simu, Kuhifadhi Moyoni



Wapo miongoni mwetu wanaojiandaa kwa mitihani ya kujiunga na vyuo. Kuna vijana waliokulia hapa Muscat wanaokwenda kufanya SAT. Kuna pia watu wazima walioacha shule kwa kukosa ada na sasa wanataka kurudi. Chuo Kikuu cha Makerere, kwa mfano, kina mtihani wa kujiunga kwa watu wenye umri wa miaka 25 na kuendelea ambao hawana matokeo ya sekondari yanayotakiwa kwa njia ya kawaida. Kwa Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini.

Wengi wa watu hawa hawana meza ya kusomea. Meza yao ni simu. Ndani yake wameweka programu ya kuandikia maelezo, kama Notion, OneNote, Evernote au Google Keep, na humo wanakusanya kila kitu: picha za kurasa za vitabu, sauti za walimu, maswali ya miaka iliyopita. Siku hizi baadhi ya programu hizo hata zinafupisha somo zenyewe. Unaweka kurasa arobaini, unabonyeza, unapata nukta kumi.

Nyumbani jambo hili huleta mabishano. Mzazi anasema huko si kusoma. Mtoto anajibu kwamba mzazi amepitwa na wakati. Swali lililo chini ya mabishano hayo ni la uadilifu, nalo linastahili jibu la haki: anayeacha programu imwandikie na imfupishie, je, anadanganya? Na kama anadanganya, anamdanganya nani?

Tuanze kwa kumtetea. Kuandaa maelezo kwa simu si kuibia mtihani. Simu inabaki nje ya chumba cha mtihani, na hata SAT, ambayo nje ya Marekani hufanywa kwa kompyuta tangu 2023, haimruhusu mtu kufungua daftari lake. Tena tukumbuke maisha yalivyo hapa. Dada anayefanya kazi ya nyumbani anaamka kabla ya alfajiri na kupumzika saa nne usiku. Mlinzi wa zamu hana pa kuweka vitabu sita. Kwao simu imefungua mlango uliokuwa umefungwa, na kuwaambia wanunue madaftari na kukaa maktaba ni kusema na watu tusiowajua. Chombo hiki ni baraka, na tumshukuru Mungu kwacho.

Lakini hebu tulitazame neno moja. Kwenye simu iliyowekwa Kiswahili, kitufe cha kutunza maandishi kimeandikwa "Hifadhi". Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, na kwetu lina maana mbili. Kuhifadhi ni kutunza kitu kisipotee, na kuhifadhi ni kujifunza jambo mpaka likae kichwani. Majirani zetu Waislamu hapa Oman wanapomsifu mtoto kwamba amehifadhi Kurani, hawana maana kwamba ameiweka kabatini. Zamani maana hizo mbili zilitembea pamoja. Katika vyuo vya Kurani vya pwani yetu mtoto aliandikiwa somo kwenye ubao wa mti, na akishalishika, ubao ulioshwa ili aandikiwe jingine. Ubao ulitunza somo kwa muda tu, mpaka mtoto aweze kulibeba mwenyewe.

Simu haihitaji kuoshwa. Ina nafasi ya masomo elfu, wala haikuulizi kama umeshalishika la kwanza. Hapo ndipo maana mbili za neno letu zinapoachana: mtu anabonyeza "Hifadhi", anapata utulivu wa aliyemaliza kazi, kumbe kilichohifadhi ni chombo.

Hofu hii ni ya kale. Mwanafalsafa wa Kigiriki Plato alisimulia habari za mfalme wa Misri aliyeletewa uvumbuzi wa maandishi. Mfalme hakufurahi. Aliona kwamba watu wakishategemea maandishi wataacha kuzoeza kumbukumbu zao, na watajiona wenye hekima bila kuwa nayo. Plato mwenyewe aliyaandika hayo kwa maandishi, kwa hiyo hatuna haja ya kuvitupa vyombo. Lakini onyo la mfalme halijachakaa: hatari kubwa kuliko kutojua ni kudhani unajua.

Uchunguzi wa karibuni umelithibitisha jambo hilo kwa njia yake. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma kifungu na wale walioacha kusoma wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kusoma kwa urahisi kuliwapa wenzao hisia ya kujua, na hisia hiyo haikudumu.

Basi anayedanganywa ni nani? Kwanza ni mwenyewe, anaposema "nimesoma" na ukweli ni "nimehifadhi kwenye simu". Uongo tunaojiambia tunauona mdogo kwa sababu hakuna wa kuulalamikia. Lakini mtihani wa kujiunga hauishii kwa anayeufanya. Anayeomba uuguzi atasimama siku moja mbele ya mgonjwa usiku, na mgonjwa huyo hatamsubiri atafute kwenye simu. Anayeomba ualimu atakabidhiwa watoto wa wenzake. Maandalizi ni ahadi kwa watu ambao bado hatujakutana nao.

Mtu atauliza: huyo dada wa saa nne usiku afanye nini? Ana saa moja tu, na kufupishiwa kunamwokolea muda. Ni kweli, na hatumwongezei mzigo. Programu imbebee vitabu, imtafutie ukurasa, imkumbushe siku ya kurudia. Hizo ni kazi za mikono. Lakini kazi ya kuelewa asiiachie. Katika saa yake moja, afunge simu dakika ishirini za mwisho, aeleze somo kwa maneno yake, hata kwa kunong'ona, kisha afungue aone alipokosea. Nukta tatu alizozitoa kichwani mwake zina faida kuliko kumi alizotolewa na programu.

Nasi wengine tuna sehemu yetu. Baada ya ibada ya Ijumaa, tunapokunywa chai, tusiishie kumuuliza anayejiandaa, "Umefika wapi?" Tumwambie, "Hebu nifundishe ulichosoma wiki hii." Mama asiyejua baiolojia anaweza kuwa msikilizaji bora, maana asipoelewa atauliza.

Tunaukumbuka mfano wa Bwana Yesu katika Mathayo 25. Yule mtumwa wa mwisho hakuiba talanta wala hakuipoteza. Aliihifadhi vizuri sana, ardhini, akairudisha kama alivyopewa. Kosa lake lilikuwa kwamba hakuifanyia kazi. Ardhi ya siku zetu ina kioo na nywila, lakini bado ni ardhi. Mariamu naye aliyahifadhi mambo aliyoyaona, Luka anatuambia, ila yeye aliyaweka moyoni na kuyatafakari.

Bwana awatie nguvu wote wanaosoma usiku baada ya kazi, awape kukumbuka siku ya mtihani, na awape kutumika vema siku zitakazofuata. Amina.