Mwenye Kompyuta Ni Nani?

Nyumba nyingi za mjini zina kompyuta iliyonunuliwa kwa fedha za familia na kuwekwa sebuleni, lakini yenyewe haimtambui hata mmoja wa wanafamilia kuwa ndiye mwenye mamlaka. Mwenye mamlaka ni akaunti iitwayo "User" au "Admin", iliyofunguliwa na fundi dukani Kariakoo siku mashine ilipokuwa ikiandaliwa kwa mteja. Nywila yake anaijua fundi, kama bado anaikumbuka. Mnunuzi hakuuliza, fundi hakusema. Mambo huenda vizuri kwa miaka, hadi siku mtu anapotaka kuweka printa mpya na kompyuta ikamdai nywila ya msimamizi. Hapo ndipo watu wa nyumba hiyo huanza kutazamana.

Zipo ambazo mwenyewe yuko mbali zaidi. Kompyuta nyingi za mtumba tunazonunua zilikuwa za maofisi ya ng'ambo, na ambayo haikusafishwa vizuri huja na amri za huko ilikotoka. Unataka kubadili mpangilio mdogo tu, inakujibu kwamba mpangilio huo unasimamiwa na shirika lako. Wewe uko Mbagala na shirika lenyewe hulijui.

Jambo hili nimelifikiria sana tangu shemeji yangu alipofariki. Alikuwa mtu wa kumbukumbu. Kodi za wapangaji wake, michango ya chama cha kuzikana ambacho yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina, malipo ya kiwanja, vyote aliviandika kwenye kompyuta ya mezani pale nyumbani. Akaunti ya msimamizi ilikuwa moja tu, ya kwake. Alimfungulia mwanawe akaunti ya kawaida ya kufanyia kazi za shule, na hapo aliamua vizuri. Lakini nywila aliondoka nayo.

Taratibu za mirathi zilifuatwa zote. Kikao cha ukoo kilikaa, cheti cha kifo kikapatikana RITA, Mahakama ya Mwanzo ikamteua dada yangu kuwa msimamizi wa mirathi. Kwa barua ile ya mahakama benki ilimsikiliza. Kompyuta haikuwa na pa kuisomea. "Mjomba, kila nikibofya folda ya baba inasema sina ruhusa," mpwa wangu aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefukuzwa kwao. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, tena limejazwa hadi wiki za mwisho za uhai wa mwenyewe, na huku nje baadhi ya wapangaji walikwisha anza kudai kwamba kodi yao ililipwa mwaka mzima mbele.

Fundi wa kwanza alisema dawa ni kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Ushauri huu hutolewa kila siku, na unaniuma. Ni kweli mashine itawaka na itatii. Lakini mjane aliyekuja kutafuta kumbukumbu za mumewe anarudishiwa chombo kitupu kinachofanya kazi vizuri.

Wa pili alikuwa kijana mtulivu. Alizima kompyuta, akachomoa diski, akaiunganisha kwa waya na kompyuta mpakato yake. Kwanza aliangalia kama diski imesimbwa, yaani kama kila kilichomo kimegeuzwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Ingekuwa imesimbwa kwa BitLocker, tungehitaji ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48, na bila huo hakuna fundi awaye yote ambaye angetusaidia. Haikuwa imesimbwa. Akainakili yote kwenye diski nyingine, ili kikiharibika kitu kiharibikie kwenye nakala.

Kisha akaibofya folda ya marehemu. Ikamkatalia na yeye. Akafungua ukurasa wa usalama wa folda ile, akatuonyesha mahali linapoandikwa jina la mmiliki. Jina la shemeji halikuwapo. Palikuwa na mlolongo mrefu wa tarakimu unaoanza na S-1-5-21.

Alitueleza, na maelezo yake yatawafaa wengi. Windows haimtambui mtu kwa jina. Akaunti inapofunguliwa hupewa namba yake peke yake, na ruhusa za mafaili huandikwa kwa namba hiyo. Jina ni la kutusaidia sisi kusoma. Ukifuta akaunti ya Juma kisha ukafungua nyingine ya Juma, hata kwa nywila ileile, kwa mashine huyo ni Juma mwingine kabisa. Ndiyo maana mtu anayefuta akaunti yenye hitilafu na kuianzisha upya kwa jina lilelile hukuta mafaili yake mwenyewe yanamgomea. Na diski ikihamishiwa kompyuta ngeni, kompyuta hiyo huiona namba tu, haina jina la kuilinganisha nayo.

Kwenye mashine yake yule kijana alikuwa msimamizi, hivyo aliweza kuiamuru ihamishe umiliki wa folda. Maana yake ni kwamba ruhusa hulinda mafaili wakati mfumo uliozitoa ndio unaoendesha kazi. Mwenye diski mkononi, na mamlaka kwenye mashine yake, anazivuka. Mwizi huzuiwa na usimbaji. Ruhusa zimewekwa kwa ajili ya watu wanaotumia chombo kimoja wakaheshimiana.

Kabla hajagusa kitu, kijana alimgeukia dada yangu. "Mama, unahitaji folda zipi?"

Dada alifikiri. "Ya kodi na ya chama, mwanangu. Nyingine ziache kwanza."

Akahamisha umiliki wa hizo mbili. Picha, barua, na chochote kingine ambacho mtu huweka mahali pake pa faragha, vilibaki vimefungwa kwa namba ya mwenyewe. Angeweza kufungua vyote kwa amri moja. Sikupata kuona adabu ya kazi iliyo wazi kama ile, na ningependa ifundishwe pamoja na ufundi wenyewe.

Walioijenga elimu ya kompyuta waliliandika jambo hili zamani. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder, wa chuo cha MIT huko Marekani, walitoa makala kuhusu ulinzi wa taarifa ndani ya kompyuta. Moja ya kanuni zao ilikuwa kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa mamlaka machache kadiri kazi yake inavyohitaji, yasizidi. Kompyuta za nyumbani zilichelewa kuifuata. Kwenye Windows 95 na 98 aliyekaa mbele ya mashine alikuwa na uwezo wote. XP ya mwaka 2001 ilikuja na akaunti zenye ngazi, lakini zilizofunguliwa wakati wa kuiweka zilikuwa za msimamizi, na watu wakaendelea nazo hivyo hivyo. Programu hupata mamlaka ya aliyeifungua. Kirusi kilichotoka stesheneri ndani ya flashi, kikifunguliwa na msimamizi, kinakuwa nacho msimamizi. Hakuna mzee anayebeba hati ya nyumba mfukoni akienda sokoni eti kwa kuwa nyumba ni yake, lakini kwenye kompyuta tumezoea kufanya hivyo kutwa.

Vista ilipoingia sokoni mwaka 2007 ilianza kuuliza: kioo kinafifia, swali linatokea, ruhusu au usiruhusu. Watu wengi walikereka, wengine wakayazima maswali hayo kabisa. Naamini walijinyima kitu chema. Kile kioo hufifia kwa sababu swali limehamishiwa mahali ambapo programu nyingine hazifiki, ili programu isiweze kujibofyia "Ndiyo" yenyewe. Jibu limeachwa kwa binadamu aliyeketi pale. Jina la programu limeandikwa, na jina la aliyeitengeneza pia, au onyo kwamba hajulikani. Sisi tunabofya kabla macho hayajafika.

Kumbukumbu za kodi zilipofunguliwa, mabishano na wapangaji yaliisha jioni moja. Nakala ya diski nzima ikakabidhiwa kwa dada, na hapo tu, mambo yote yakiwa salama, ndipo kijana alipoweka Windows upya na kuuliza nani awe msimamizi. Mpwa wangu akasema yeye, kwa kuwa mama hajui kompyuta. Dada akakataa. Alisema hajui kuendesha gari vilevile, lakini kadi ya gari ina jina lake.

Zikafunguliwa akaunti mbili za msimamizi, ya mama na ya mwana, na mbali na hizo kila mmoja akapewa ya kawaida ya kutumia siku zote. Dada aliandika nywila yake mwenyewe, polepole, herufi kwa herufi, akatuambia tutazame pembeni. Nakala ya nywila iko kwenye bahasha pamoja na hati ya nyumba. Mwisho kijana alifungua orodha ya akaunti, akamwomba dada aisome kwa sauti, ahakikishe kwamba hakuna ya fundi iliyobaki. Natamani kila anayeuza au kutengeneza kompyuta amfanyie mteja wake hivyo kabla ya kupokea hela yake.

Mpwa wangu sasa akitaka kuweka mchezo mpya humwita mama yake aje aandike nywila, ingawa naye anayo ya kwake, akiona ni haki ya mama kuulizwa. Mama anauliza programu ni ya nini na aliyeitengeneza ni nani, anasoma lile dirisha lote, na mara nyingine anabofya "Hapana".