Herufi Tatu za Kidato cha Tano

Kijana wa Unguja akimaliza kidato cha nne, awe ametokea Makunduchi au Mkunazini, huulizwa swali ambalo sisi watu wazima wengi wetu hatujalijibu sawasawa hadi leo: unataka kuwa nani? Swali lenyewe humjia likiwa limefupishwa kwa herufi tatu. PCB, PCM, EGM, HGL, HKL. Achague tahasusi moja, yaani masomo matatu yanayokwenda pamoja, hiyo imfikishe kidato cha sita, kisha SUZA pale Tunguu au chuo kingine ng'ambo ya maji, kisha kazini. Tulikalie kidogo swali hili, msomaji. Sitafuti tahasusi iliyo bora. Natafuta kujua tunamtaka nini hasa kijana huyu tunapomtaka achague.

Kuchagua si kupenda. Mtu anaweza kupenda vitu kumi kwa pamoja na asipungukiwe na lolote. Uchaguzi, kwa maana ninayoikusudia hapa, ni kuridhia hasara: kuacha kitu chema kwa ajili ya chema kingine, na huku unajua kwamba ulichokiacha kilikuwa chema. Anayeacha asichokitaka hajachagua, ameepuka tu. Ikiwa ndivyo, basi vijana wetu wengi hawachagui. Matokeo ndiyo yanayowachagulia. Aliyefaulu fizikia na kemia hupelekwa sayansi, anayefuata hupelekwa sanaa, na aliyekosa nafasi huambiwa aende mafunzo ya amali, Mwanakwerekwe au Mkokotoni, kwa sauti ileile tunayompa nayo mtu pole.

Binti wa dada yangu alipata alama nzuri za kemia na baiolojia. Anachokipenda ni historia. Mkoba wake haukosi daftari ambalo ameandika majina ya mitaa ya Mji Mkongwe, Kajificheni, Sokomuhogo, Malindi, na chini ya kila jina yale aliyosimuliwa na wazee wa mtaa, kila mzee na kauli yake, nyingine zikipingana. Alipotaja HKL, tahasusi yenye historia, mbele ya jamaa, ami yake alimwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, alama zote hizi utazipoteza?"

Hapana aliyemkemea binti, wala sauti haikupanda. Lakini hofu ile ilinibakia. Alama za kemia hupotea vipi? Alichokwisha kukijua hakimtoki kichwani kwa sababu ameingia darasa la historia. Kilichoogopwa kupotea ni udaktari, heshima ambayo ukoo ulikwisha kujiona nayo kabla binti mwenyewe hajaiomba. Hapo ndipo fomu ya skuli ya kuchagua tahasusi inapofichua jambo juu yetu: tumeyapanga masomo kwa daraja, kisha tukawapanga watoto kwa daraja zilezile, na mwisho tukasahau kwamba mpangaji ni sisi.

Lazima nitenganishe mambo mawili hapa. Thamani ya elimu ni yale inayomwezesha mtu kuyaona na kuyatenda. Bei yake ni kile ambacho soko la leo liko tayari kukilipia. Viwili hivi hukutana mara nyingi, ndiyo maana huchanganywa. Hata hivyo ami hakukosea kuogopa. Nyumba yenye mshahara mmoja na watoto sita haina nafasi ya kupuuza bei. Mama anayesimama majini kule Paje, akifunga vipande vya mwani kwenye kamba kimoja kimoja ili mwanawe apate sare na nauli, ana haki ya kuuliza mwisho wa masomo hayo ni nini. Elimu ilitangazwa kuwa bure Zanzibar mwaka 1964, lakini miaka ya kijana haijawahi kuwa bure. Kuna mtu anayeilipia. Kumwambia mzazi huyo kwamba mtoto afuate tu moyo wake ni ukarimu ambao gharama yake atatoa yeye.

Udhaifu wa hoja ya bei uko kwingine: inadai kuiona kesho. Samia Suluhu Hassan alimaliza sekondari mwaka 1977 akaanza kazi ya ukarani serikalini. Utawala alikuja kuusomea Mzumbe, akahitimu 1986, na mwaka 2021 akawa Rais wa Tanzania. Simtaji ili kudai kwamba kila njia hufika Ikulu. Waliofika ni wachache, na wasiofika hatuwahesabu. Namtaja kwa sababu ndogo zaidi: fomu ya mwaka 1977 isingeweza kuyabashiri hayo. Mwaka ule hapana aliyejua Unguja kwamba kilimo cha mwani kingeanza mwishoni mwa miaka ya 1980, wala kwamba Mji Mkongwe ungeingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 na kazi nyingi zikazaliwa humo. Mwaka 2024 orodha ya tahasusi nchini ilipanuliwa hadi kufikia 65. Ni jambo jema, lakini orodha ikirefuka, kesho haionekani zaidi kwa sababu hiyo.

Na hata leo yenyewe haigawanyiki kama fomu inavyoigawa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Mji Mkongwe, jumba alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka jumba hilo likiwa katika matengenezo. Jumba lile linahitaji tahasusi gani? Linamhitaji anayejua boriti inabeba uzito kiasi gani, na anayejua chokaa inavyoshikana na jiwe la matumbawe, na fundi aliyejifunza kazi hiyo kwa mikono yake. Linamhitaji pia anayeweza kueleza kwa nini lisimame tena. Huyu wa mwisho ndiye tunayemwambia amepoteza alama zake. Bila yeye, wale wengine wangeweza kujenga hoteli palepale kwa ujuzi uleule.

Sasa niingie ndani zaidi. Ikiwa uchaguzi ni kuridhia hasara, hasara hii ni ya nani? Ukoo huamua kwa wingi, lakini anayeamka alfajiri kusoma asichokipenda ni mmoja. Nadhani hapo ndipo nasaha na amri hutengana. Nasaha ni kumwonesha mtu hasara zake zote kabla hajaziridhia. Amri ni kumchagulia hasara, kisha kumwachia aibebe peke yake.

Kwa hiyo nilimweleza binti bila kumficha kwamba kazi za makumbusho ni chache, kwamba wengi waliosoma historia huishia kufundisha, na kwamba ami yake anaogopa kwa mapenzi. Kisha nikamuuliza ni somo lipi angelisoma hata kama lisingekuwa na mtihani. Alifikiri kwa muda. "Historia," alisema, "lakini na kemia pia, mjomba." Basi sasa ana viwili vyema na hapana budi aache kimoja, nami sina haki ya kumpunguzia uzito huo kwa kumwambia kipi.