Spana za Fundi Kijana

Kazi kubwa ya gereji ni kufungua na kufunga. Kijana anayejifunza ufundi wa magari hukabidhiwa spana muda mrefu kabla ya kuachiwa injini, na ubora wa spana hiyo ndio unaoamua kama bolti itatoka nzima na kama vidole vyake vitasalimika. Kuchagua vifaa, kwa hiyo, ni sehemu ya ufundi wenyewe.

Toyota nyingi zina bolti ya kumwagia oili yenye kichwa cha milimita 14. Spana ya chuma laini ikivutwa hapo kwa nguvu, mdomo wake hutanuka kidogo sana, jicho halioni. Mbavu za kichwa cha bolti zinaachia, mzigo wote unabebwa na pembe, pembe zinalika, na kichwa kinakuwa duara. Kazi iliyokuwa ya dakika chache sasa inadai patasi na nyundo, au kulehemu nati juu ya bolti ili ipate pa kushikwa, na bahati ikiwa mbaya, sampu nyingine ya oili. Spana inapoteleza, ngumi ya fundi nayo huishia kwenye chuma kilicho mbele yake. Mwenye gari hajui habari za spana. Anajua kwamba alileta gari zima likaharibiwa, na gari hilo huenda ni teksi inayosomesha watoto wake.

Spana bora kwa kawaida hufuliwa kwa chuma kilichochanganywa na kromiamu na vanadiamu. Maandishi ya kiwandani yaliyogongwa kwenye mpini hayatoshi kuwa ushahidi, maana ni rahisi kughushi. Kipimo cha kuaminika ni kuivalisha kwenye bolti mpya hapohapo dukani: iingie bila kulazimishwa na isichezecheze. Kingo za mdomo ziwe zimenyooka na mng'ao usichubuke. Kwa upande wa spana za boksi, ya pembe sita hushika mbavu za bolti, hivyo inafaa zaidi palipo na kutu. Ya pembe kumi na mbili ni rahisi kuvalisha mahali pabana, lakini hukaa karibu na pembe za bolti na huzila upesi. Mwenye fedha ya seti moja achukue ya pembe sita.

Kosa la vijana wengi ni kuvutiwa na sanduku kubwa la vipande vinavyong'aa. Magari mengi ya Tanzania na Kenya yametoka Japani, na kwa magari hayo namba 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21 hufanya sehemu kubwa ya kazi. Gari la Ulaya likija litadai 13 mahali ambapo la Kijapani lina 12, na hiyo itanunuliwa siku ikihitajika. Spana ringi chache zilizo imara, zinazoongezwa mojamoja kadiri posho inavyoruhusu, zina faida kuliko sanduku zima la chuma laini. Hata spana ya mtumba iliyotengenezwa vizuri, mdomo wake ukiwa bado mzima, ni bora kuliko mpya ya hovyo. Fundi ana haki ya kujivunia spana kuukuu inayoshika.

Mashine ya hewa ya kufungulia nati ina boksi zake, nyeusi na nene, zilizotengenezwa kustahimili mapigo. Boksi ya kawaida inayong'aa inaweza kupasuka ikifungwa hapo, na kipande kikaruka usoni.

Kifaa kinachoahirishwa kuliko vyote ni spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Wengi hukaza kwa mazoea ya mkono, na mkono wa asubuhi haulingani na wa jioni. Nati za magurudumu za Corolla nyingi hukazwa kwa nyutoni mita 103. Zikilegea gurudumu linaweza kuchomoka, zikizidishwa meno yanavutika na diski za breki zinaweza kupinda. Kwa bolti za silinda hedi hakuna nafasi kabisa ya kubahatisha. Kifaa hiki ni ghali, lakini mafundi wawili au watatu wa gereji moja wanaweza kukichangia, mradi kirudishwe kwenye kipimo cha chini kila baada ya kazi na kisigeuzwe kuwa mtarimbo wa kufungulia nati ngumu.

Jeki ni suala jingine. Kazi yake ni kuinua. Kulishikilia gari lililoinuliwa ni kazi ya stendi za chuma, wala si ya tofali, jiwe au rimu kuukuu. Vifaa vingine kijana anaweza kuazima akisubiri fedha. Asiye na stendi asilale chini ya gari la mteja, hata kwa kazi ya dakika tano, na mwenye gereji asimtume.