Pete ya Almasi na Adabu ya Kutoa

Mwanangu, sasa unashika mshahara, na kila tangazo njiani linautaka. Tangazo hulipiwa ili kiatu ulichokifurahia juzi leo ukione kimechakaa. Usikubali haraka. Kabla ya kununua, jiulize ni nani aliyekuambia umepungukiwa.

Napenda umjue Dorothy Day, Mmarekani aliyebatizwa Mkatoliki mwaka 1927, ambaye mwaka 1970 alifika hata kwetu Tanzania. Tarehe 1 Mei 1933, watu wakiwa hawana kazi, yeye na Peter Maurin walitoa gazeti la The Catholic Worker jijini New York, nakala senti moja. Wakafungua na nyumba za kuwapokea wenye njaa na wasio na pa kulala. Mwaka 1960 serikali ya jiji iliwalipa fidia ya nyumba yao. Malipo yalikuwa yamechelewa, hivyo yalikuja na riba ya zaidi ya dola 3,500. Walikuwa na madeni na vinywa vingi vya kulisha, lakini riba waliirudisha, kwa kuwa mafundisho ya kale ya Kanisa yalikataza pesa kuzaa pesa.

Hilo ni gumu, nami sikudai ulifanye kesho. Ila kuna jambo jingine linalosimuliwa juu yake, nalo ningependa ulishike. Mama mmoja tajiri alimpa pete ya almasi. Dorothy akamkabidhi bibi maskini aliyezoea kuja kula pale. Wenzake wakalalamika: si ingeuzwa, kodi ya bibi ikalipwa mwaka mzima? Akawajibu kwamba bibi ana heshima yake. Akitaka ataiuza, akitaka ataivaa. Kwani Mungu aliumba almasi kwa ajili ya matajiri tu?

Angalia adabu iliyomo humo. Sisi tukitoa, tunatoa kilichotuchosha, kisha tunamsimamia aliyepokea: ule hivi, usinunue kile. Huko ni kumnunua mtu. Basili wa Kaisaria, askofu wa karne ya 4, alihubiri kwamba nguo iliyofungiwa sandukuni ni mali ya aliye uchi. Basi anayerudisha mali ya mwenyewe hana haki ya kumpangia matumizi.

Lile shati lako la bluu bado lina lebo. Kijana anayekuletea maji ana kimo chako. Mpe wiki hii, na ulipige pasi kwanza.