Samahani ni ya Nani?

Kuna neno nililokuwa nikilitumia kazini kama mtu anavyobisha hodi: samahani. Samahani, naweza kuongeza kitu? Samahani, labda nimekosea. Samahani, sitachukua muda. Nilikuwa naomba msamaha kabla sijakosea, na mara nyingi nilikuwa sijakosea kabisa.

Mimi ni mhasibu. Siku moja kwenye mkutano wa bajeti niliona kwamba VAT, ile asilimia 16 tunayoijua sote, ilikuwa imehesabiwa mara mbili katika bei ya viti na meza tulizokuwa tunanunua. Nikasema, "Samahani, sijui kama ni mimi tu, lakini naona kama VAT iko hapa mara mbili." Hakuna aliyejibu. Mtu akauliza kama chai inakuja. Dakika kumi baadaye jamaa aliyeketi kando yangu akasema, "VAT imehesabiwa mara mbili." Bosi akainua kichwa. "Kazi safi hiyo." Jamaa akatabasamu. Mimi pia nikatabasamu, si unajua vile huwa tunatabasamu.

Marafiki wakaniambia nijifunze kujiamini. Nikaenda mafunzo ya Jumamosi kwenye hoteli moja hapa Nairobi, chumba kizima wanawake. Mwalimu akatuambia tufute maneno matatu: samahani, labda, nadhani. Tushushe sauti. Tuanze na jibu, maelezo yafuate. Simdharau, maana mambo yale yalifanya kazi. Nilifanya mazoezi bafuni, nikafanya ndani ya matatu, midomo ikicheza bila sauti mpaka konda akaniuliza kama niko sawa. Baada ya miezi miwili nilikuwa nataja kosa bila kubisha hodi, na watu wanaandika.

Hadithi za aina hii huishia hapo. Yangu iliendelea.

Tulikuwa na mwanagenzi, msichana kutoka Lamu. Yeye haanzi na jambo lenyewe. Kwanza atakuomba radhi, kisha akushukuru kwa kumsikiliza, ndipo aingie. Siku moja akasema, "Mniwie radhi, mimi bado mgeni kwa mambo haya, lakini hii ankara…" Nikamkata: "Fika kwenye pointi." Sauti yangu ilikuwa imeshuka vizuri, vile nilivyofunzwa. Akasema, "Basi, si kitu, madam." Tukaendelea.

Ankara hiyo tulikuwa tumeshailipa mwezi uliotangulia, ikiwa na nambari nyingine. Tukailipa tena. Pesa zilirudi baada ya wiki kadhaa za barua na simu, lakini swali moja lilibaki nami: kwani nilikuwa nimejifunza kujiamini, ama nilijifunza tu kukaa upande ule mwingine wa meza?

Tukimwambia mwanamke ajiamini, tunasema shida iko kooni mwake. Nikaanza kuwasikiliza wanaume wa ofisini kwetu. Wao pia husema samahani. "Samahani kidogo," anasema mmoja akimkata mwenzake katikati ya sentensi, na chumba kinanyamaza. Neno ni lile lile. Kwake ni ufunguo, kwangu lilikuwa nauli. Basi shida haikuwa neno. Ilikuwa masikio.

Mfikirie Wangari Maathai. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Yeye alikuwa na shahada ya udaktari tangu 1971, na hakuna anayeweza kusema alikosa ujasiri ama hoja. Aliandika barua kwa wakubwa wa hapa na wa nje, akieleza kwa nini watu wa mji huu wanahitaji ile bustani. Bungeni walimcheka. Aliambiwa awe na heshima kama mwanamke wa Kiafrika. Mwishowe jumba halikujengwa, na leo watu bado wanapumzika pale kwenye nyasi. Lakini tusidanganyane ati mwanamke akisema vizuri atasikizwa. Yeye alisema vizuri, na walisikia utovu wa adabu.

Kuna anayeweza kunijibu: sasa tufanyeje, tungoje masikio yabadilike na kodi ya nyumba haingoji? Hapana. Ukiwa unaanza kazi, jifunze kutaja tarakimu kwanza. Ukikatwa, sema "nilikuwa sijamaliza" na umalize. Hizo ni zana, na ni haki yako kuwa nazo. Ninachokataa ni kufanya zana kuwa kipimo cha utu, mpaka anayezungumza kwa upole aonekane hana la kusema.

Maana upole si woga. Kwao yule msichana, katika visiwa vile vya Lamu, Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi wa mawaidha mwaka 1858. Wengi wetu tutabishana na mawaidha yake kuhusu ndoa, na tuna haki. Lakini sauti ya mama yule, pamoja na adabu zake zote, bado inasikika baada ya miaka zaidi ya 160. Wahenga walisema heshima si utumwa. Inakuwa utumwa pale inapodaiwa upande mmoja tu.

Kwa hivyo nadhani (na neno hili nimelirudisha makusudi, kwa sababu nadhani kweli) swali la kimaadili halimhusu anayenyamaza peke yake. Linamhusu zaidi aliyekwisha kupata nafasi ya kusema. Anaitumiaje? Akisikia wazo la mwingine likipita bila mwenyewe, analirudisha kwa jina? Jamaa wa VAT angeweza kusema, "Kama alivyosema mwenzangu." Ni maneno matatu. Na mimi, niliyejua uchungu wa kukosa maneno hayo, nilimnyima mwingine hata nafasi ya kumaliza sentensi.

Nilimfuata yule mwanagenzi siku moja kabla hajamaliza muda wake. Nikamwambia, "Samahani. Ulikuwa sahihi kuhusu ile ankara, na mimi ndiye nilikukata." Ilikuwa samahani ya kwanza kwa muda mrefu iliyokuwa na kosa nyuma yake.

Alinitazama kidogo. Hakuniambia si kitu.

"Nilikuwa nimeleta nakala ya ile ya kwanza," akasema. "Ilikuwa mkononi."